Jalada Lililoizeesha Riwaya

Hakuna riwaya inayozaliwa ikiwa ya kale. Jane Austen alipotoa Pride and Prejudice, tarehe 28 Januari 1813, aliwaandikia watu wa siku zake habari za watu wa siku zake: mabinti watano ambao mali ya baba yao itarithiwa na binamu, kikosi cha wanamgambo kilichopiga kambi mji wa jirani wakati nchi iko vitani na Ufaransa, na mama anayehesabu kipato cha kila kijana anayeingia mlangoni. Leo riwaya hiyohiyo huuzwa, mara nyingi, ikiwa na picha ya mwanamke aliyevaa gauni jeupe lililofungwa chini ya kifua, kofia ya utepe kichwani, na nyumba kubwa ya mawe nyuma yake. Msomaji hajafungua hata ukurasa mmoja, tayari ameshaambiwa kwamba anaingia zamani. Kauli hiyo haikutoka kwa Austen. Ilitoka kwa wachoraji na wachapishaji wa London miaka 80 baadaye. Kuchora jalada la riwaya kubwa, tangu hapo, kumekuwa ni kuamua kitabu ni cha wakati gani, na uamuzi uliopitishwa katika miaka ya 1890 ungali unawaongoza wachoraji ambao hata hawajui kwamba kuna aliyeupitisha.

Mwaka 1813 hakukuwa na jalada la kuchora. Thomas Egerton alikitoa kitabu katika juzuu tatu kwa shilingi 18, kimevikwa karatasi ngumu isiyo na picha wala nakshi. Jina la mwandishi halikuwemo. Ukurasa wa mbele ulisema tu kwamba kimetungwa na mwandishi wa Sense and Sensibility. Austen alikuwa amemuuzia Egerton haki zote kwa pauni 110. Mnunuzi mwenye uwezo alikipeleka kitabu kwa mjalidi wake kivishwe ngozi inayolingana na vitabu vyake vingine, kwa hiyo sura ya nje ilikuwa shauri la mwenye kabati. Hata hivyo tunajua Austen mwenyewe aliwaona vipi wahusika wake. Mwezi Mei mwaka uleule alimwandikia dada yake Cassandra kwamba amekwenda kwenye maonyesho ya picha pale Spring Gardens, London, akakuta picha ndogo inayofanana kabisa na Jane, dada mkubwa wa mhusika mkuu Elizabeth, ambaye mwisho wa riwaya anakuwa Bi Bingley: gauni jeupe, mapambo ya kijani. Akamtafuta na Elizabeth, sasa Bi Darcy, ambaye alitarajia kumwona katika rangi ya manjano, asimpate. Ulikuwa mzaha wa ndugu wawili, lakini mzaha huo ni ushahidi mzito. Mtunzi aliwatafuta watu wake ukutani, miongoni mwa picha za watu ambao wangeweza kuwa wametoka mlango wa pili wa ukumbi huohuo.

Waliomfuata mwanzoni walielewa hivyo. Mwaka 1833, miaka 16 baada ya Austen kufariki, mchapishaji Richard Bentley, aliyekuwa amezinunua haki za riwaya zake, aliziingiza katika mfululizo wa Standard Novels, kila moja juzuu moja ya kitambaa kwa shilingi 6. Kila riwaya ilipewa picha mbili zilizochongwa kwenye bamba la chuma, mchoraji akiwa Ferdinand Pickering. Katika Pride and Prejudice, picha moja inamwonyesha Elizabeth akimweleza baba yake mambo aliyoyafanya Darcy kwa ajili ya Lydia, mdogo wake Elizabeth. Nyingine inamwonyesha Lady Catherine, ndugu wa mama yake Darcy, akimkabili Elizabeth. Ukitazama mavazi utashtuka kidogo. Mikono ya gauni imefura kama mito, kiuno kimebanwa, sketi zimetanda. Hayo ni mavazi ya miaka ya 1830. Hakuna msichana aliyetoka nje hivyo mwaka 1813. Wapo wanaoliita hilo kosa, nami siwezi kukubali. Magauni ya 1813 yalikuwa bado yamo masandukuni mwa mama zao wasomaji wa Bentley. Pickering asingeshindwa kuuliza. Aliwavisha wahusika nguo za siku ile kwa sababu kwake, na kwa mchapishaji wake, Elizabeth Bennet alikuwa bado msichana wa siku ile. Na toleo hilo halikupita haraka. Lilirudiwa kwa miongo kadhaa, na kwa wasomaji wengi wa Uingereza ndizo zilikuwa nyuso za kwanza kuwekewa wahusika hao.

Katikati ya karne hiyo kitabu kilishuka bei na kushuka hadhi, jambo ambalo wanahistoria wa majalada hulipita upesi kwa sababu nakala zake zimebaki chache. George Routledge alikiuza kwa bei ya chini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1840. Baadaye kukawa na vile vitabu vya stesheni za reli, vyenye mbao za manjano na picha ya rangi kali mbele, vilivyosomwa safarini hadi vikachanika. Katika miaka ya 1890 watengenezaji wa sabuni ya Sunlight walitoa riwaya za Austen ziwe zawadi kwa wateja waliokusanya karatasi za kufungia sabuni. Janine Barchas, msomi wa Marekani aliyezifuatilia nakala za namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2019, The Lost Books of Jane Austen, ameonyesha kwamba maktaba kubwa hazikuona sababu ya kuzihifadhi. Inafaa tulikumbuke hilo tunapofika kwenye matoleo ya kifahari, kwa sababu kilichobaki kabatini si lazima kiwe ndicho kilichosomwa na wengi. Mama aliyepata riwaya yake kwa sabuni hakuambiwa na yeyote kwamba ameshika kitu cha kale.

Mabadiliko yalikuja kwa njia mbili zilizokutana. Ya kwanza ni mtindo. Randolph Caldecott alikuwa ameonyesha katikati ya miaka ya 1870, kwa kitabu cha Washington Irving, Old Christmas, kwamba Waingereza wa mijini wako tayari kulipia picha za vijiji vya zamani, magari ya farasi na mabwana wenye tumbo. Mwaka 1879 Kate Greenaway aliwavisha watoto wa kitabu chake cha Under the Window nguo za mwanzoni mwa karne, na upesi watoto halisi wakaanza kushonewa nguo hizo. Nchi iliyojaa moshi wa viwanda ilikuwa inajitengenezea zamani iliyo safi. Njia ya pili ni ufundi. Hadi miaka ya 1880 mchoro wa kalamu ulipaswa kupita mikononi mwa mchongaji wa mbao, na kila picha iliongeza gharama na kupoteza kitu cha mkono wa mchoraji. Kisha ikaenea mbinu ya kupiga picha mchoro na kuuhamishia juu ya bamba la zinki, tindikali ikala sehemu zisizo na mstari, bamba likaingia mashineni pamoja na herufi. Mchoraji wa mistari myembamba akawa rahisi kuchapwa, na michoro mia na zaidi ikawezekana katika kitabu cha bei ya kawaida.

Aliyesimama pale njia hizo zilipokutana ni Hugh Thomson, aliyezaliwa Coleraine, kaskazini mwa Ireland, mwaka 1860. Alijifunza kazi katika kampuni ya uchapaji ya Marcus Ward, Belfast, akahamia London mwaka 1883 na kuchorea jarida la English Illustrated Magazine. Mwaka 1891 kampuni ya Macmillan ilitoa Cranford ya Elizabeth Gaskell ikiwa na michoro yake: kitambaa cha kijani kibichi kilichokoza, dhahabu mbele, dhahabu kwenye kingo za kurasa, na ndani vibibi vya kijijini katika kofia zao. Ilipendwa kiasi kwamba wauza vitabu wakaanza kuita vitabu vya sura hiyo kwa jina la Cranford. Wakati George Allen, mchapishaji wa Charing Cross Road, anamkabidhi Thomson Pride and Prejudice, sura ya bidhaa ilikuwa imeshajulikana. Kilichosubiriwa ni kitabu cha kuivaa.

Jalada la mwaka 1894 linataka kutazamwa kwa karibu. Tausi amesimama, na mkia wake umemwagika na kutanda ubao wote wa mbele, jicho la unyoya baada ya jicho, mpaka nafasi iliyobaki kwa jina la kitabu ni ndogo. Yote ni dhahabu juu ya kijani cheusi. Manyoya yanaendelea kwenye uti wa kitabu, na kingo za kurasa nazo zimetiwa dhahabu. Ili kufika hapo, mchoro wa Thomson ulipaswa kuchongwa kwenye bamba nene la shaba, kila mstari ukisimama peke yake. Mjalidi alikipaka kitambaa ute wa yai, akalaza juu yake karatasi nyembamba za dhahabu, kisha bamba lililopashwa moto likashindiliwa kwa mashine. Dhahabu ikashika pale tu shaba ilipogusa, na iliyobaki ikafutwa na kukusanywa, maana haikuwa ya kutupa. Bamba la namna hiyo halina kivuli wala rangi ya katikati: kuna mstari au hakuna. Ndiyo maana mkia wa tausi ulifaa sana, kwa kuwa tayari ni mistari na macho. Aliyechagua ndege huyu alikuwa anafikiri kama fundi.

Alikuwa pia anafikiri kama mtu wa mwaka 1894. Ndani ya riwaya hakuna tausi hata mmoja. Kuna uhusiano wa wazi na kiburi, neno linaloanza jina la kitabu, lakini tausi alikuwa vilevile nembo ya mtindo wa London wa wakati ule. Mchoraji Whistler alikuwa amekipamba chumba kizima kwa tausi wa dhahabu katika nyumba ya tajiri Frederick Leyland mwaka 1876 na 1877, na manyoya ya ndege huyo yalichomekwa kwenye vyombo vya maua katika sebule za watu wanaojiona wana macho ya sanaa. Kwa hiyo nje ya kitabu ni sebule ya 1894 kabisa. Ukifungua, unakuta michoro 160, ukihesabu na ile midogo ya kuanzia sura, na karibu yote iko zamani: makoti yenye mikia, magauni ya kiuno cha juu, mabwana wakiinama, akina mama wakinong'ona. Mpangilio huo ndio ninaousema. Jalada linamwambia mnunuzi kwamba kitu hiki ni kizuri kwa nyumba yako ya leo. Michoro inamwambia kwamba watu waliomo si wa leo. Kitabu kikawa pambo la sasa lenye dunia iliyopita ndani yake, na sidhani kuna maelezo mafupi zaidi ya jinsi sokoni riwaya inavyofanywa kuwa ya kale.

Soko liliitika. Zaidi ya nakala 11,000 ziliuzwa katika mwaka wa kwanza. Mwaka 1895 Macmillan wakajibu kwa toleo lao lenye michoro ya Charles Edmund Brock, ambaye pamoja na ndugu zake, huko Cambridge, walijaza chumba cha kazi samani za zamani na mavazi ya mtindo ule ili jamaa zao wayavae na kuchorwa. Wachapishaji wengine, Dent, walikuwa wameanza mwaka 1892 kwa michoro ya William Cubitt Cooke, wakaendelea na akina Brock kwa rangi. Dibaji ya toleo la tausi iliandikwa na mhakiki George Saintsbury, na ni humo ndimo lilimochapwa kwa mara ya kwanza jina la mashabiki wa Jane Austen wanaojiita kwa jina lake hadi leo. Ushabiki na jalada vilitoka pamoja, katika kifurushi kimoja.

Wapo watakaosema jalada ni nguo tu, na maneno ni yaleyale. Maneno ni yaleyale, kweli. Lakini watu wa wakati ule hawakuliona jambo hilo kuwa dogo. Mwandishi wa riwaya Henry James, katika mhadhara wa mwaka 1905, alilalamika kwamba wachapishaji, wahariri na wachoraji wa vitabu vya kupendeza wamemgeuza Jane kuwa kipenzi cha kila mtu kwa faida ya biashara yao. James alikuwa na dharau yake, na simtetei katika kila kitu. Hata hivyo aliona kwa usahihi kwamba picha zinazopendeza huchagua ni sehemu gani ya kitabu itasikika. Kalamu ya Thomson ilikuwa na ucheshi mwepesi, na Austen ana ucheshi. Ila ucheshi wa Austen una meno, na kwenye michoro ile meno hayaonekani. Kasisi Collins, yule binamu mrithi, akichorwa anachekesha. Akisomwa, ni mtu atakayewatoa wanawake sita katika nyumba yao siku baba atakapokufa. Nguo za zamani zinasaidia kuficha hilo. Tukiona kofia na utepe tunadhani shida ya mirathi imekwisha pamoja na kofia.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linasema kwamba wakati wenyewe ndio uliokizeesha kitabu. Mpwa wa Austen, James Edward Austen-Leigh, alipoandika kumbukumbu za shangazi yake, zilizotoka mwishoni mwa 1869, alitumia kurasa nyingi kueleza samani, chakula na dansi za enzi ile, kama mtu anayewaeleza wageni nchi ya mbali. Kwa hiyo hisia ya umbali ilikuwepo robo karne kabla ya tausi. Nakubali. Lakini hisia ya mzee anayekumbuka ni kitu kimoja, na amri ya macho kabla ya kusoma ni kitu kingine. Austen-Leigh aliweka umbali huo ndani ya wasifu, kwa anayetaka kuusoma. Akina Thomson na Brock waliuweka katikati ya hadithi, kila baada ya kurasa chache, ambapo msomaji hana namna ya kuukwepa.

Na je, mchoraji wa mavazi sahihi hamtendei mwandishi haki kuliko Pickering na mikono yake iliyofura? Elizabeth wa 1813 alivaa gauni la 1813. Aliyemchora hivyo amesema kweli. Mhariri R. W. Chapman alifikiri vivyo hivyo. Toleo lake la Oxford la mwaka 1923, la kwanza kumpa mwandishi wa riwaya wa Kiingereza uangalizi uliozoeleka kwa waandishi wa Kigiriki na Kilatini, halikutumia michoro ya kubuni. Liliweka picha za wakati wenyewe, zikiwemo za mitindo ya nguo. Usomi ukawa umethibitisha kile biashara ilichoanza. Lakini usahihi wa kitambaa si usahihi wa uhusiano. Kwa msomaji wa Austen, lile gauni halikuwa la kale. Halikuwa na maana yoyote ya pekee, lilikuwa ni nguo. Mchoraji anayelichora kwa uaminifu leo analipa maana ambayo halikuwa nayo, na kadiri anavyolichora vizuri ndivyo maana hiyo inavyozidi. Ndiyo sababu Austen mwenyewe haelezi nguo ila kwa nadra, na anapofanya hivyo, kama gagulo la Elizabeth lililolowa tope baada ya kutembea maili tatu kumwona dada yake mgonjwa, ni kwa ajili ya kutuonyesha nani anamhukumu nani.

Filamu ya riwaya hii iliyotolewa na MGM mwaka 1940 inatoa uthibitisho ambao mtu asingeweza kuubuni. Mbunifu wa mavazi, Adrian, aliyaacha magauni membamba ya mwanzo wa karne akawavisha wanawake mitindo ya miaka ya 1830: mikono mikubwa, sketi pana. Ni mavazi ya kizazi kilekile alichokichora Pickering. Mwaka 1833 mikono ile ilisema sasa. Mwaka 1940 mikono ileile ilisema hapo kale. Hakuna aliyekuwa sahihi kwa kalenda, na mara zote mbili watazamaji walielewa walichoambiwa. Nguo kwenye picha ya riwaya, basi, hazipimwi kwa kalenda peke yake. Zinapimwa kwa umbali zinaomwekea anayezitazama.

Sisemi turudi kwa Pickering na kumvisha Elizabeth suruali ya jinzi. Huo nao ni ushonaji, na huchakaa upesi zaidi. Ninachoona ni kwamba jibu bora lilikuwa katika kazi ya Thomson mwenyewe, juu ya ubao wa mbele. Tausi hana karne. Hamchorei msomaji uso wa Elizabeth, hamwambii Darcy ana pua gani. Anashika wazo moja la kitabu, kiburi kinachojitandaza mpaka kisibakishe nafasi, na kuacha mengine yote kwa maneno. Ni kweli kwamba tausi huyo alikuja pia kwa sababu ya mtindo: Macmillan walimpa mbunifu A. A. Turbayne kazi ya kubuni jalada la tausi kwa mfululizo wao, na likavishwa hata riwaya za baharini za Kapteni Marryat, ambako hana kazi yoyote. Juu ya Pride and Prejudice lakini ana kazi, na anaifanya hadi leo, kwani manyoya yake bado hurudi kwenye matoleo mapya.

Wengi waliofuata, hata hivyo, walichukua nusu ya pili ya urithi wa Thomson. Majalada ya karatasi ya karne ya 20 yalizoea picha za rangi za wanawake wa enzi za Austen, mara nyingi watu ambao hawakuwahi kuhusiana na kitabu. Baadaye yakaja ya waigizaji wa televisheni wa mwaka 1995 na wa sinema ya mwaka 2005, nao wakiwa wamevaa mavazi ya zamani. Mchapishaji ana hoja yake: mnunuzi hutupa jicho mara moja, na kofia humwambia haraka ni kitabu gani. Lakini inamwambia pia kwamba mambo yaliyomo yameshakwisha. Mchoraji anayetaka kusema vingine hana haja ya kwenda mbali. Anaye Charlotte Lucas, miaka 27, asiye na mali, anayekubali kuolewa na mtu asiyempenda ili awe na nyumba yake, na anayepanga chumba chake cha kukaa upande ambao mumewe hatapenda kuingia kila mara. Wasomaji wengi wanamjua Charlotte wao, mtaani kwao, na havai kofia ya utepe.